Gemu la Krismasi lifungwe kabla ya Krismasi

Shindano la kutengeneza magemu ya sikukuu lina shida ambayo mashindano mengine hayana: siku linayoisherehekea ndiyo siku ambayo watengenezaji hawapo kwenye kompyuta. Tarehe 24 Desemba mmoja yuko ndani ya basi la Moshi, mwingine katumwa sokoni kufuata viungo vya pilau, wa tatu kompyuta yake imeshikwa na wageni wanaotazama filamu. Waandaaji wengi wapya huweka mwisho wa kupakia kazi usiku wa mkesha, kwa sababu tarehe hiyo inapendeza kwenye tangazo. Wanachovuna ni magemu yaliyoishia njiani na watengenezaji wazuri waliokata tamaa bila kosa lao.

Kwa hiyo kabla ya mada, kabla ya zawadi, kubalianeni hili: sikukuu yenyewe iachiwe kucheza. Kazi ya kutengeneza iishe siku kumi au zaidi kabla, halafu mapumziko yatumike kucheza, kutoa maoni na kupiga kura. Wakati huo watu wana nafasi, binamu wamejaa sebuleni, na gemu fupi linalofunguka kwenye simu huzunguka mkono kwa mkono. Mtengenezaji anayeanza hawezi kupata wachezaji bora kuliko hao, maana watamwambia palepale wapi wamekwama.

Tuchukue Krismasi ya mwaka 2026, inayoangukia Ijumaa. Fungueni Ijumaa tarehe 4 Desemba, fungeni Jumapili tarehe 13. Hizo ni siku 10 zenye wikendi mbili, na Watanzania wanapata na tarehe 9, Siku ya Uhuru, katikati ya wiki. Tarehe 14 hadi 18 ni za ukaguzi: waandaaji wanafungua kila gemu, wenye mafaili yaliyogoma wanarekebisha. Kura zianze Jumamosi tarehe 19 na zifungwe Jumapili tarehe 3 Januari 2027. Tangazo la kwanza litoke mwanzoni mwa Novemba, bila mada. Likitoka Septemba watu husahau. Likitoka wiki moja kabla, wengi wameshapanga mambo yao.

Kwa nini siku 10 wakati Ludum Dare, shindano lililoanza mwaka 2002, limejenga jina kwa saa 48 za kufanya kazi peke yako, na saa 72 kwa walio kwenye vikundi? Kwa sababu saa 48 zinamtaka mtu aifute wikendi nzima, na Desemba wikendi zina wenyewe: harusi, kufunga mahesabu ya mwaka, safari. Katika siku 10 mtu wa kawaida huokota saa 12 hadi 15 za kazi, kidogokidogo, na hizo zinatosha gemu la dakika tano. Zaidi ya wiki mbili sipendekezi. Gemu hunenepa, hatua tatu zinakuwa tisa, na mwenyewe huliacha kabla halijafika mwisho. Js13kGames, shindano la magemu madogo ya kivinjari, hutoa mwezi mzima, tangu tarehe 13 Agosti hadi 13 Septemba, lakini wamefunga mlango mwingine: gemu lote likiwa kwenye zipu, yaani faili moja lililobanwa, lisizidi kilobaiti 13. Ukirefusha muda, punguza kitu kingine.

Idi inahitaji hesabu yake. Tarehe haijulikani hadi mwezi uandame, na usipoonekana Ramadhani inatimiza siku 30, kwa hiyo msiandike "mwisho ni usiku wa kuamkia Idi". Kumi la mwisho nalo ni la ibada. Kumwambia mtu atafute bagi (hitilafu) za gemu wakati wenzake wako itikafu ni kukosa adabu, na wengi hawatafanya hata hivyo. Anzeni Shaabani, fungeni kabla mwezi wa Ramadhani haujafika nusu, kisha orodha ya magemu ifunguliwe kwa umma siku ya Idi, iwe leo au kesho. Kama siku ya kufunga shindano inaangukia ndani ya Ramadhani, muda uwe saa 5 usiku, baada ya tarawehe, wala si jioni wakati watu wanafuturu.

Halloween, tarehe 31 Oktoba, ni sikukuu ya wenzetu wa Marekani, Kanada na Ayalandi, ila vikundi vingi vya mtandaoni huiadhimisha kwa magemu ya kutisha. Wapenzi wa magemu ya maandishi wana Ectocomp yao tangu 2007, ambayo hutenganisha kundi la kazi zilizoandikwa kwa saa chache tu na kundi la waliojipa muda wautakao. Mgawanyo huo unafaa kuigwa popote, kwa kuwa kazi ya alasiri moja ikipimwa pamoja na ya miezi miwili, mmoja ataonewa. Mtego wa Halloween ni saa. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani na Kanada Jumapili ya kwanza ya Novemba; mwaka 2026 ni tarehe 25 Oktoba na 1 Novemba. Saa 3 usiku ya Dar es Salaam ni saa 1 jioni London kabla ya badiliko na saa 12 jioni baada yake. Aliyezoea kuhesabu tofauti ya saa mbili atadhani mmemdhulumu.

Kuhusu saa kwa jumla, hapa ndipo mashindano ya Waswahili huharibika kuliko mahali pengine. "Saa 6 usiku wa Jumapili" inasomwa na mmoja kuwa usiku wa kuamkia Jumapili, na mwingine kuwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Mwenye simu ya Kiingereza anasoma 6 akaelewa saa 12. Msifunge kamwe saa 6 usiku. Fungeni saa 3 usiku, na muandike kwa namna mbili kwenye mstari mmoja: Jumapili 13 Desemba, saa 3 usiku, 21:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ambayo ni 18:00 UTC, saa ya kimataifa. Halafu watajieni walio mbali saa yao: Bujumbura, Kigali na Bukavu ni saa 2 usiku, Muscat saa 4 usiku, London saa 12 jioni, Toronto saa 7 mchana. Kama mko Discord, tumieni alama yake ya muda, ile inayoanza na <t: ikifuatiwa na sekunde za Unix (zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970), maana kila mtu huiona kwa saa ya kifaa chake. Saa 3 usiku ina faida nyingine: waandaaji bado wako macho kumsaidia ambaye faili lake limegoma.

Mada sasa. "Krismasi" peke yake haitoshi. Mtapata Baba Krismasi ishirini wanaoruka mabomba ya moshi kwenye theluji, na nusu ya waliowatengeneza hawajawahi kushika theluji. Mada nzuri ya sikukuu ina kitendo ndani yake, kwa sababu gemu ni kitendo. "Mbuzi katoroka" ni mada. "Wageni wamezidi sahani" ni mada. "Basi la mwisho" ni mada, na yeyote aliyewahi kukata tiketi ya kwenda kwao Desemba ana hadithi ya kuweka humo. Tofauti yake na "furaha" au "familia" ni kwamba anayesoma "mbuzi katoroka" anajua papo hapo mchezaji atafanya nini: atafukuza, ataziba njia, atatega. Kama mnataka kura za kuchagua mada, wekeni mada tano tu, kura zifungwe siku mbili kabla ya kufungua, na mada iliyoshinda itangazwe dakika ileile ya kuanza.

Wekeni pia sharti moja la hiari, lenye tuzo yake ndogo: gemu lichezwe kwa kidole kimoja, au lisiwe na maandishi, au litumie rangi nne tu. Sharti moja. Mkiweka matatu, anayeanza ataona mtihani.

Sheria zenyewe zikae ndani ya ukurasa mmoja. Zilizo muhimu ni chache. Msimbo wa zamani na injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea magemu, vinaruhusiwa. Gemu lililokwisha kutengenezwa na kubandikwa kofia nyekundu haliruhusiwi. Picha na sauti za wengine zinaruhusiwa kama leseni inakubali na zimetajwa: zenye leseni ya CC0, kama picha za bure za Kenney, hazidai kutajwa lakini zitajwe, na leseni ya CC BY inadai. Kwenye muziki watu hujichanganya sana. Wimbo wa Krismasi wa karne ya 19 hauna mwenyewe kwa maana ya tuni yake, lakini rekodi yake iliyoimbwa na kwaya fulani ina mwenyewe. Upige mwenyewe kwa kinanda, hata kwa programu ya bure, na uko salama. Kaswida na nyimbo za kwaya zetu nazo zina wenyewe, hata kama zinazagaa kwenye simu za watu. Na andikeni wazi kwamba adhana, kisomo cha Kurani na sala havitumiki kama mlio wa gemu. Wageni huviweka kwa nia njema wakidhani ni mapambo, na ugomvi unaofuata hufunika shindano zima. Kuhusu picha za akili mnemba, chochote mtakachoamua, kiwepo kwenye sheria siku ya kwanza. Kuamua katikati ya kura ni kuwasha moto.

Nikiambiwa nichague sehemu moja ya kuitolea jasho, nitachagua mafaili. Gemu lisilofunguka halina mada wala sanaa. Wapiga kura wetu wengi wako kwenye simu na bando, kwa hiyo toleo la kivinjari liwe la lazima na lisizidi MB 30. APK, faili la kusakinisha kwenye Android, na matoleo ya kompyuta yawe nyongeza. Aliye na toleo la Windows peke yake atapata kura tatu, na si kwa ubaya wa gemu lake.

Kwa wanaoanza kabisa, waelekezeni kwenye Bitsy, ya magemu madogo ya picha, au Twine, ya hadithi za kuchagua njia. Zote mbili hutoa faili moja la html linalofunguka popote, lenye uzito mdogo. PICO-8 nayo, programu ya kutengenezea magemu ya mtindo wa zamani, pamoja na kioo chake cha nukta 128 kwa 128 na rangi 16, hulazimisha gemu kuwa dogo, jambo ambalo kwa shindano ni baraka. Injini kubwa za Godot na Unity ni nzuri lakini hubeba mzigo: Godot 4, kabla hujaweka picha hata moja, ina faili la wasm, yaani injini yenyewe kwa ajili ya kivinjari, la makumi ya megabaiti kabla ya kubanwa.

Makosa ya upakiaji hujirudia, na yanajulikana. Mtu anabana folda badala ya vilivyomo ndani yake, kwa hiyo index.html, faili la kuanzia, inajificha ndani ya folda ya pili na ukurasa unasema haujapatikana. Mwingine amesafirisha gemu, yaani kulitoa kwenye injini, kwa jina gemu.html akasahau kulibadilisha kuwa index.html. Kwenye Windows, Mbuzi.png na mbuzi.png ni faili moja. Kwenye seva ni mawili, basi gemu lililocheza vizuri nyumbani linafunguka bila mbuzi. Unity iliyobanwa kwa Brotli au gzip, njia za kubana mafaili, hukwama kwenye mstari wa kupakia pale seva isipoeleza kwamba faili limebanwa. Dawa ni kuwasha Decompression Fallback kwenye mipangilio ya uchapishaji. Godot 4 ya kabla ya 4.3 ilihitaji SharedArrayBuffer, kumbukumbu inayoshirikiwa na nyuzi (kazi zinazoenda sambamba), kwa toleo la kivinjari, na itch.io, tovuti ya kupakia magemu na kuendesha mashindano, ina kisanduku cha kuiruhusu kwenye ukurasa wa gemu. Tangu 4.3, iliyotoka Agosti 2024, unaweza kusafirisha bila nyuzi na tatizo likaisha. Sauti isiposikika mwanzoni, kwa kawaida ni kivinjari kinachozuia mlio hadi mchezaji aguse kioo, kwa hiyo kila gemu lianze na kitufe cha "Gusa kuanza". Na itch.io ina mipaka yake kwa zipu ya html: mafaili yasizidi 1,000, jumla yake yakifunguliwa yasizidi MB 500, na faili moja lisizidi MB 200. Anayepakia folda ya mradi nzima badala ya kilichosafirishwa hugonga mpaka wa kwanza mara moja.

Dawa ya haya yote ni jaribio la kupakia. Siku ya tano, Jumanne tarehe 8, kila mshiriki apakie chochote: kioo chenye mraba unaosogea kinatosha. Hakuna anayekipima. Kinachopimwa ni kama kinafunguka kwenye simu ya Android ya bei ya kawaida, kwa data ya kawaida. Mshiriki aliyepita hapo hababaiki saa ya mwisho, kwa sababu ukurasa wake upo na anabadilisha faili tu. Siku ya kufunga, kumbusheni saa 12 jioni: pakieni mlichonacho sasa, mtaendelea kuboresha hadi saa 3. Mtandao unapozidiwa, ni aliyesubiri dakika ya mwisho anayeumia.

Halafu toeni dakika 60 za ziada kwa ajili ya upakiaji, ziandikwe kwenye sheria tangu mwanzo, sawa kwa wote. Msizifanye siri ya marafiki. Umeme ukikatika mji mzima, hiyo ni habari nyingine: itch.io humruhusu mwandaaji kutoa kiungo cha kuchelewa kwa mtu mmojammoja, na kwa kazi ya bure ya sikukuu sioni sababu ya kumnyima mtu huyo. Shindano hili ni la watu kufurahi pamoja.

Kwenye siku za ukaguzi, waandaaji wawili wafungue kila gemu, mmoja kwenye simu na mmoja kwenye kompyuta, dakika tatu kila moja. Magemu 30 ni saa moja na nusu kwa kila mkaguzi. Kinachorekebishwa ni kutofunguka na kuganda tu, si kuongeza hatua. Magemu ya kutisha yapewe alama ya onyo hapo, maana watoto ndio watakaoshika simu tarehe 25.

Kura zinataka hesabu kidogo. Magemu 30 kwa dakika 15 kila moja ni saa 7 na nusu, na hakuna atakayecheza yote. Mkiacha watu wachague wenyewe, wataanza na la rafiki yao, kisha lenye picha nzuri, na magemu ya chini ya orodha hayataguswa. Mpeni kila mtengenezaji orodha yake ya magemu 8 yaliyochanganywa. Watengenezaji 30 mara 8 ni kura 240, yaani magemu yakigawanywa sawasawa na kila mtu akimaliza, kila gemu lina kura 8 kabla ya wageni kuingia. Asiyemaliza orodha yake hashindanii zawadi. Vipengele vya kupima visizidi vinne: mada, uchezaji, sura na sauti, na alama ya jumla. Vikiwa vinane watu hujaza nyota zilezile kutoka juu hadi chini.

Waelezeni pia mapema jinsi itch.io inavyopanga nafasi, kwa sababu kila mara kuna anayeona ameibiwa. Gemu lenye kura chache kuliko mediani, yaani idadi ya kura za gemu lililo katikati mkiyapanga yote, hupunguziwa: kura zake hugawanywa kwa mediani, kisha wastani wake huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha jibu hilo. Gemu lenye wastani wa 4.6 kwa kura 5, mediani ikiwa 9, hushuka hadi 3.43. Lenye 3.9 kwa kura 11 hubaki 3.9 na kumpita. Ni haki, kwani kura tano za ndugu hazipaswi kuzidi kura kumi na moja za watu wasiokujua. Lakini mtu akiijua kanuni hii tarehe 4 Januari, ataisoma kama njama.

Zawadi ziwe ndogo. Fedha nyingi huleta akaunti za bandia na huleta watu ambao hawataonekana tena. Bando la mwezi, leseni ya PICO-8, au haki ya kuchagua mada ya mwaka kesho vinatosha.

Kuna muundo mwingine usio na mshindi ambao kwa kikundi kidogo naupenda zaidi: kalenda ya Majilio, kila siku ya Desemba mlango mmoja, gemu moja. Jumuiya ya PICO-8 imefanya hivyo. Mkitaka milango 24, andikisheni watu 30, na magemu yote yawe mkononi tarehe 25 Novemba. Anayesema atamaliza siku ya mlango wake asipewe mlango. Panga magemu mepesi siku za kazi, makubwa wikendi, na lililo bora tarehe 24. Waliozidi hawapotezi kazi yao, maana magemu yao yanafunguliwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati watu bado wana hamu.

Mkifunga shindano, hifadhini nakala. Magemu ya sikukuu hupotea haraka: mtu anafuta ukurasa, anabadili akaunti, anapoteza kompyuta. Kwenye fomu ya kupakia wekeni kisanduku kinachouliza kama waandaaji wanaruhusiwa kutunza faili na kulionyesha tena msimu ujao. Kiwepo hapo, kwenye fomu, maana kufika Februari wengine hawajibu tena ujumbe.